Bi Toleo, Aliyetunza Programu za Benki ya Damu

Ndugu na jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu: familia imenituma mimi niusome wasifu huu. Mimi ni mdogo wake, ndiye ninayemfuata kuzaliwa, na kazi yangu ni ufundi cherehani. Mambo ya kompyuta yaliyomo humu nimeyaandika kama alivyonieleza mwenyewe, na hakuniacha mpaka alipoona nimeelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 8 Februari 1966, alfajiri, katika nyumba namba 14 ya makazi ya wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu hakuwa mtu wa reli. Alikuwa fundi wa mizani, na chumba na sebule tulivyokaa tulipewa na mjomba wake aliyekuwa karani wa stesheni. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa pale pale sebuleni, hivyo sisi sote tulijifunza kusoma huku masikio yamejaa kelele.

Kazi ya baba ilikuwa kuzunguka madukani kukagua mizani kila mwaka. Shule zilipofungwa, marehemu alimfuata akimbebea sanduku la mawe ya kupimia. Siku moja, marehemu akiwa na miaka tisa, mwenye duka la nafaka aliwazuia mlangoni.

"Fundi, mzani wangu hauna tatizo. Juzi tu umeukagua."

"Juzi ilikuwa mwaka jana," baba akasema.

"Na mwaka jana ulikuwa mzima."

"Ndiyo nimekuja kuangalia kama bado."

Mzani ulikutwa unapunja gramu thelathini katika kila kilo, na aliyekuwa akipunjwa ni mwenye duka mwenyewe. Marehemu aliisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alicheka kabla hajafika mwisho.

Alianza darasa la kwanza Januari 1973 na kumaliza shule ya msingi mwaka 1979. Kuanzia 1980 hadi 1985 alisoma sekondari ya bweni ya wasichana. Kwenye ripoti yake ya kidato cha tatu mwalimu wa hisabati aliandika: "Ana akili, lakini huuliza swali moja mara mbili." Baba alimuuliza kwa nini anamchosha mwalimu. Alijibu kwamba mara ya kwanza mwalimu alikuwa hajajibu.

Mwaka 1987 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya kompyuta Novemba 1989. Darasa lilikuwa na wanafunzi thelathini na wanne na kompyuta moja, na zamu ya kila mmoja ilikuwa dakika ishirini kwa wiki. Wenzake walilalamika. Yeye aliandika amri zote kwenye daftari la mistari, akazipitia kwa kidole, na zamu ilipofika alikuwa tayari anajua atakosea wapi.

Ajira yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha uchapaji, kuanzia Februari 1990. Ni hapo alipokutana na shemeji yetu. Bomba lilipasuka kwenye chumba cha karatasi, akaitwa fundi bomba, na marehemu akatumwa kumsimamia asije akalowesha mzigo. Fundi alibadilisha kiungo kilichopasuka, kisha akaanza kufungua na vingine vitatu vilivyokuwa vikavu.

"Hivyo mbona havivuji?" marehemu akamuuliza.

"Vilifungwa siku moja na hiki."

Shemeji anasema dada alikwenda kumletea kiti. Walifunga ndoa tarehe 10 Septemba 1994. Walijaliwa watoto wawili: binti, mwaka 1996, na kijana wa kiume, mwaka 1999. Ndoa yao ilikuwa na ugomvi mmoja wa kudumu, nao ulihusu simu ya shemeji. Kila simu ilipomuuliza kama anataka kusasisha, alibonyeza "baadaye". Marehemu akampa jina la Bwana Baadaye, na watoto wa majirani wamelikuta jina hilo wakidhani ndilo la ukoo.

Tarehe 1 Machi 1999 aliajiriwa na benki ya damu ya hospitali kuingiza taarifa za wachangiaji. Mwaka 2001 alikabidhiwa seva zenyewe, yaani kompyuta kuu zinazotunza taarifa hizo, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na mitatu. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, jirani na stoo ya masanduku ya barafu. Haikuwa na dirisha. Ilikuwa na feni, meza mbili, na mlango wa buluu ambao hadi leo haufunguki mpaka uusukume kwa bega.

Hapa naomba nieleze kazi ilikuwa nini, maana ndugu wengi tumeishi naye bila kujua. Kompyuta zile zilitumia mfumo wa jamii ya Yuniksi, ambao unaendeshwa kwa kuandika amri. Mfumo wenyewe unakuja na vitu vyake vya msingi, kama vile cherehani inavyokuja na sindano na mguu wake. Vitu vingine unavileta wewe: programu ya kuchapa lebo, ya kutunza orodha, ya kuchora mistari ile ambayo mashine huisoma. Vinakuja katika vifurushi, na vimetengenezwa na watu wa nje, wengine mashirika makubwa, wengine mtu mmoja tu nyumbani kwake. Benki ya damu ilikuwa na vifurushi mia mbili na kumi na vinne. Kila kimoja kinategemea vingine, na vyote vinazeeka. Kikizeeka, matundu yake yanajulikana na kila mtu, wezi wakiwemo. Mtu inabidi asome kila wiki nini kimetoka kipya, kinarekebisha nini na kitavunja nini, kisha akibadilishe wakati watu wanaendelea kufanya kazi. Nilimwambia ni kama kubadilisha uzi gauni likiwa limevaliwa. Akasema ndiyo, na aliyelivaa anatembea.

Kazini walimwita Bi Toleo, kwa sababu ukimpelekea tatizo lolote alikuuliza kwanza, "Toleo gani?" Daktari mmoja aliwahi kumwambia ana mafua, akaulizwa hivyo hivyo. Mama, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani kwamba binti yake anasasisha. Walipouliza anasasisha nini, alijibu, "Vyote." Kwa sababu hiyo Jumamosi za marehemu zilijaa redio, simu, na wakati mmoja pasi ya umeme. Pasi aliitengeneza.

Alitaka wasifu wake useme pia alipokosea, kwa hiyo nasema. Tarehe 17 Mei 2006 asubuhi alisasisha kifurushi kinachoandaa herufi za kuchapwa. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, na siku hiyo hakujaribu kwanza. Kifurushi kipya hakikuwa na alama mbili katika herufi zile zilizotumika kwenye lebo: ya kujumlisha na ya kutoa. Kwa hiyo damu ya kundi O chanya na ya kundi O hasi zote zilitoka zimeandikwa O, basi. Mifuko thelathini na saba ilibandikwa lebo za namna hiyo kabla mtaalamu wa maabara hajagundua, saa tano.

Mifuko thelathini na sita ilikuwa bado kwenye majokofu. Mmoja ulikuwa umekwenda wodi ya wazazi, na simu ya wodi ilikuwa inatumika. Marehemu alipanda ngazi za ghorofa tatu akikimbia, viatu mkononi. Alimkuta muuguzi wa zamu amesimama karibu na kitanda, ameushika mfuko, anaugeuza huku na huku.

"Usiutundike," marehemu akasema.

"Sijautundika. Hauna alama. Nani kauleta hivi?"

"Mimi."

Mgonjwa alipewa damu sahihi baada ya dakika kumi na mbili, akajifungua, na wote wawili wakatoka salama. Muuguzi yule amestaafu na yuko nasi hapa leo. Alituambia kwamba marehemu alikaa chini sakafuni pale wodini, akavaa viatu taratibu, kimoja kimoja, akashindwa kufunga kamba.

Mkuu wake wa wakati ule alitaka kumsaidia. Alimwita ofisini akamwambia, "Tuandike kwamba printa iliharibika."

"Printa haina kosa. Imechapa ilichoambiwa."

"Ukiandika ni wewe, itakaa kwenye faili lako."

"Ikae."

Aliandika ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza ilikuwa: "Sikujaribu kwanza." Alipewa onyo la maandishi, na mkuu akaamuru kwamba tangu siku hiyo hakuna kitu chochote kitakachosasishwa. Kwa mkuu neno lilikuwa moja: ambacho hakijaharibika hakiguswi. Amri hiyo ilidumu miezi kumi na minne. Kwa marehemu ilikuwa adhabu kuliko onyo. Kila wiki alisoma kwamba kifurushi fulani kimeonekana na tundu, akaenda kutazama chake, akakikuta ni kile kile chenye tundu. Alikonda. Shemeji alidhani anaumwa, akampeleka kupimwa, daktari hakuona kitu.

Hakuivunja amri. Aliomba kompyuta mbovu iliyotupwa kwenye stoo ya samani, akaifufua kwa vipuri vya nyingine mbili, na humo akajenga nakala ya seva nzima, kifurushi kwa kifurushi. Akawa anasasisha pale, mahali ambapo hakuna mgonjwa. Kila alipomaliza, alichapa lebo za makundi yote manane ya damu na kuzibandika ukutani zikiwa na tarehe. Julai 2007 mkuu alishuka ngazi kutafuta kitu kingine, akaona ukuta.

"Hizi ni nini?"

"Ni lebo za miezi minane. Tafuta yenye kosa."

Mkuu alivaa miwani, akatafuta. Mbili zilikuwa na kosa, na chini yake marehemu alikuwa ameandika sababu na alivyorekebisha. Mkuu alivua miwani, akapanda ngazi. Wiki iliyofuata alituma barua ya mistari mitatu: marehemu aruhusiwe kusasisha kila Alhamisi saa nne asubuhi, baada ya kujaribu. Alhamisi ilichaguliwa na marehemu mwenyewe. Ijumaa hakutaka kuisikia. Alisema kikiharibika Ijumaa utakitengeneza na nani.

Kati ya vifurushi vile kulikuwa na kimoja kidogo, cha kuchora mistari ya lebo. Mtunzaji wake alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati katika nchi ya mbali, aliyefanya kazi hiyo bila kulipwa. Marehemu alimwandikia mwaka 2008 kumweleza hitilafu moja, na tangu hapo wakawa wanaandikiana mara mbili au tatu kwa mwezi, barua fupi za kazi, na mwishoni sentensi moja kuhusu hali ya hewa. Machi 2012 mwalimu akanyamaza. Toleo jipya la mfumo lilikuwa linakuja, na kile kifurushi kisingefanya kazi humo bila kurekebishwa. Marehemu aliandika mara sita. Baada ya miezi minne alijibiwa na binti wa mwalimu: "Baba alifariki mwezi wa tatu. Alikuwa akikutaja, akikuita yule mama wa damu. Hatukujua kwamba kuna watu wanasubiri kazi yake."

Siku hiyo marehemu hakula chakula cha mchana. Alikaa na shemeji kwenye ngazi za nyuma ya nyumba akamsomea barua za mwalimu, zote, hadi zile za hali ya hewa. Kisha akaomba akabidhiwe kifurushi. Alikitunza miaka kumi na miwili, akatoa matoleo thelathini na moja, na akajibu kila aliyemwandikia: zahanati ya mifugo, maktaba ya shule, kiwanda cha maziwa. Hakuwahi kuonana na hata mmoja wao.

Agosti 2017 programu ya wahalifu iliingia kwenye kompyuta za ofisi nyingi mjini kupitia tundu la kifurushi kinachojulikana. Ofisi ya maji ilirudi kwenye daftari kwa wiki tano. Mkurugenzi wa hospitali aliitisha kikao akauliza benki ya damu imeathirika kiasi gani.

"Hatujaathirika," marehemu akasema.

"Mlifanya nini?"

"Alhamisi ya juzi nilifanya cha kila Alhamisi."

Kikao kikaendelea na mengine. Nilimuuliza kama haikumuuma kutoshukuriwa. Alinitazama kama aliyeulizwa toleo lisilokuwepo.

Hatukuja hapa kusema alikuwa malaika. Alikuwa mbishi. Harusi ya mdogo wetu wa mwisho ilipangwa Alhamisi, naye alifika saa nane mchana, chakula kimeshapoa, na hakuomba radhi kwa namna inayoeleweka. Mdogo wetu alikaa miaka miwili akimsalimia kwa ufupi. Walipatana kwa sababu kompyuta ya duka la mdogo wetu iliharibika, na dada alikwenda kuitengeneza Jumapili tatu mfululizo bila kuitwa, akiingia na kutoka kimya, mpaka ya tatu alipowekewa sahani.

Novemba 2023 alianza kulalamika maumivu ya mgongo na kukosa hamu ya kula. Tarehe 4 Desemba aligundulika ana saratani ya kongosho, ikiwa imeshasambaa. Aliuliza amebakiwa na muda gani, daktari akamwambia miezi, si miaka. Alishukuru kwa kujibiwa.

Hospitali ilitaka kazi yake ipewe kampuni ya nje. Yeye akapendekeza mama wa mapokezi, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwapigia simu wachangiaji wote waliohama, mmoja mmoja, hadi awapate. Mama wa mapokezi alishtuka.

"Bi Toleo, mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima tu."

"Umenizidi. Mimi siku ya kwanza sikujua kuzima."

Kuanzia Januari alimfundisha, kwanza kazini, kisha nyumbani. Aprili alikuwa hatoki kitandani. Wiki moja jaribio liligoma kabisa, mama wa mapokezi akaja na kompyuta ya mkononi, skrini imejaa maandishi mekundu, machozi yanamlengalenga. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta supu.

"Nifanyie hii moja tu," akamwambia.

"Soma kilichoandikwa."

"Ni mistari mia."

"Soma wa kwanza. Mingine yote inalalamikia huo."

Aliusoma. Kulikuwa na kifurushi kimoja ambacho kilipaswa kusasishwa kabla ya vingine. Ilimchukua saa mbili kukirekebisha, dada akiwa amefumba macho, na kila tulipodhani amelala alisema, "Endelea."

Tarehe 2 Mei alitangaza kwa watumiaji wa kile kifurushi cha mwalimu kwamba anatafutwa mtunzaji. Walijitokeza watatu. Alimchagua fundi wa kiwanda cha maziwa, akamkabidhi funguo zote, yaani maneno ya siri, kwa maandishi, na mwishoni akamwandikia hali ya hewa.

Alhamisi tarehe 6 Juni mama wa mapokezi alifanya kazi peke yake kwa mara ya kwanza, akaja jioni kutoa taarifa. Vifurushi kumi na saba vilikuwa vimesasishwa. Kimoja alikizuia.

"Kwa nini?" dada akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, tuliinama kuisikia.

"Kwenye jaribio lebo moja imetoka hafifu. Sijui ni wino au ni kifurushi. Mpaka nijue."

Dada aliomba mkono wake, akaushika, hakuuachia mpaka alipopitiwa na usingizi.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mume wake akiwa amekaa kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha mume, ambaye ni fundi bomba; binti, ambaye ni mwalimu, na mume wa binti huyo; kijana wa kiume, ambaye ni dereva wa magari makubwa; mjukuu mmoja wa miezi saba aliyemfahamu kwa sauti, kaka mkubwa, wadogo watatu, nami nikiwa wa kwanza wao, mashemeji, mawifi, na watoto kumi na mmoja wa ndugu zake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na wafanyakazi wa benki ya damu; waliobaki zamu leo wamebaki kwa sababu damu haisubiri mazishi.

Jambo moja la mwisho. Wasifu huu nilianza kuuandika akiwa hai, kwa agizo lake. Tarehe 19 Mei alinitaka nimsomee ulipofikia. Alisahihisha tarehe mbili, akafuta neno "shujaa" mahali pawili, akaniambia niongeze habari ya harusi, maana nilikuwa nimeiacha kwa heshima. Tulipofika kwenye mstari wa kifo, siku na saa zilikuwa hazijaandikwa. Nilitaka kuruka. Akasema, "Acha nafasi hapo. Utajaza mwenyewe, na uhakikishe ni sahihi."

Nimejaza, dada. Nimemuuliza shemeji mara mbili.

Mwenyezi Mungu akulaze pema.